Makosa Yaliyokaa Nyumbani

Juzi pale posta alisimama mbele yangu mwanamke wa makamo, kashika bahasha kumi na mbili zilizofungwa kwa uzi wa cherehani. Yalikuwa majibu ya masomo anayosoma kwa posta. Karani akampa barua ya shule yake. Aliisoma mara mbili.

"Wamelifuta jina langu. Ati sijawapelekea jibu hata moja, na yote haya hapa!"

"Sasa Bi, mbona hukuyaleta moja moja?" karani akauliza.

"Nlikuwa nayasafisha. Tangu chuo cha Kurani nshazoea, huendi mbele ya mwalimu mpaka umehifadhi. Nimpelekee mtu makosa?"

"Hayo ndiyo anayoyangoja," karani akasema polepole.

Mwanamke akanigeukia. "Ati kweli, bibie?"

Nikamwambia kweli. Mimi mwenyewe nilipata shahada kwa kupeleka upuuzi kila wiki ukarudi na wino mwekundu. Tunawahimiza watu wasome kwa posta, tunawaonyesha hata stempu inabandikwa wapi, na hilo moja hatuwaambii.

Akakaza uzi wa bahasha zake.

"Mengine yalikuwa tayari zamani," akasema. "Lililonishinda ni la tatu tu, yote yakalingoja hilo."