Kurasa Tano kwa Zamu ya Darajani

Siku yangu ya kwanza, Mkurugenzi wa shule hakuniuliza diploma. Angeuliza, mazungumzo yangekuwa mafupi. Shule yetu ya sekondari hapa Kamembe ilikuwa imefunguliwa upya baada ya mauaji ya kimbari. Madirisha mengi hayakuwa na vioo, na walimu waliobaki wangeenea kwenye benchi moja. Kibanda changu cha mitumba sokoni kilikuwa kimeporwa mpaka misumari.

“Maman Saada, weye unajua kazi gani?”

“Kuuza nguo, Mkurugenzi.”

“Hata zile batu habazitaki?”

“Zinazotakiwa zinajiuza zenyewe. Mimi niliishi kwa zile zingine.”

“Basi utaweza. Batoto habaitaki aljebra.”

Nikawa msimamizi wa etidi. Kwa ninyi mnaosomea kwenye simu: etidi ni zile saa za alasiri, masomo ya darasani yakiisha, wanafunzi wanapokaa ukumbini kimya kujisomea huku mtu mzima akiwaangalia. Inaanza na apeli, yaani kuita majina. Orodha niliyopewa ilikuwa ya kabla ya vita. Nikaita jina la kwanza, kimya. La pili, kimya. Msichana wa mbele akaniambia taratibu, “Huyo hayuko tena, Maman. Na anayefuata, usimwite.”

Tangu hapo sikuita majina. Nilihesabu vichwa, mara mbili: wakikaa, na tena baadaye kidogo, kwa sababu mtoto anayetaka kutoroka hungoja kwanza ahesabiwe.

Ukumbini walikaa pamoja watoto waliobaki peke yao katika jamaa zao, na watoto waliorudi kutoka kambi za wakimbizi za Bukavu, ng'ambo ya mpaka. Sikuwachanganya kwa hekima yoyote. Madawati yalikuwa machache. Wote walikuwa na ugonjwa mmoja: jicho liko kwenye kitabu, ukurasa haugeuki. Wazee wa kazi hiyo walitumia fimbo. Mimi nilitumia nilichokuwa nacho. Ukimwambia mtoto asome kitabu kizima, anakimbia kama mteja aliyetajiwa bei ya mzungu. Kwa hiyo tulipatana.

“Kurasa kumi.”

“Mbili, Maman.”

“Mbili hazivishi hata mtoto mchanga. Tano, na nusu ya matabishi.”

Matabishi ni kile kidogo anachoongezewa mnunuzi ili arudi kesho. Akimaliza, alifunga kitabu na kumweleza jirani yake kama anayemuuzia. Jirani asiponunua, msomaji hajaelewa, anarudi kitabuni. Kelele zilikuwepo. Mkurugenzi alipita mlangoni akasema anasikia soko. Nikamjibu kwamba sokoni hakuna anayesinzia.

Mmoja tu alinishinda bei. Donatila, binti kutoka Giheke, wa mwaka wa tatu, ule wa mtihani wa taifa. Kambi za Bukavu zilipovunjwa na vita vya Kongo, yeye alivuka kurudi na shangazi yake. Mama yake alikuwa amesukumwa na umati upande mwingine, kuelekea msituni. Siku hizo watu walikuwa wakirudi kwa mafungu, wamevimba miguu, na Donatila kila alasiri aliteremka mbio hadi Cyangugu, kwenye daraja la Rusizi la mpakani, kutazama nani anavuka kutoka Kongo. Hesabu yangu ya pili ilipungua yeye kila siku.

Prefe wa masomo, bosi wangu wa karibu, aliniita ofisini. Alikuwa mtu wa maneno machache na mashati yaliyopigwa pasi.

“Akikosa etidi tena, sitamwandikisha mtihani. Nafasi ni za wanaosoma.”

Nilimkuta Donatila nyuma ya ukumbi, ameshavaa viatu vya kuteremkia. Nikamwambia, “Niuzie hiyo zamu. Mimi nitaenda darajani, weye utabaki na kitabu.”

“Maman, haumujue mama yangu.”

“Nipe alama yake.”

“Alikuwa na kitenge cha njano.”

“Hicho ameshakiuza apate mahindi. Nipe alama isiyouzika.”

Akafikiri. “Akicheka, anafunikaka mdomo.”

“Pale hakuna anayecheka. Ingine.”

“Kidole kidogo cha mukono wa kushoto. Hakinyookake.”

“Hicho nachukua. Kurasa tano kwa siku, na usinitazame nikirudi mpaka kengele.”

Kilichobaki ni nani angekaa ukumbini badala yangu. Nilirudi kwa Prefe nimejiandaa kwa mabishano marefu. Huyu alikuwa amezika mke na watoto wote waliouawa, wale ambao miili yao ilionekana. Hakuwa na mtu wa kungoja kwenye daraja lolote. Na mama niliyekuwa naenda kumtafuta alikuwa wa upande wa waliokimbia pamoja na wauaji. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua chaki zake mezani.

“Saa ngapi unaondoka?” akauliza.

Kesho yake nikamwachia kiti changu.

Basi msimu ule wote nilisimama penye kizuizi, nikitazama mikono. Mikono inayobeba sufuria, inayobeba watoto, iliyofungwa vitambaa. Kila siku nilirudi ukumbini nikakaa kitini. Donatila hakunitazama, alitimiza neno lake. Lakini nilipoingia, kidole chake kilisimama kwenye mstari, kisha kikaendelea. Prefe alikuwa akiondoka bila kuaga, amemsahihishia Donatila daftari la hesabu.

Mama hakuvuka. Donatila alifaulu, akapangiwa shule ya ualimu mbali, upande wa Butare. Akaja kuniambia haendi.

“Nani atabakia darajani?”

“Tulipatana zamu,” nikamwambia. “Siku ya mwisho tuliitaja?”

“Hapana.”

“Basi panda gari.”

Alipanda. Vita vya pili vya Kongo vikaja, daraja likafungwa na kufunguliwa walivyotaka wakubwa. Mkurugenzi akahamishwa, wakaja wengine wawili, mmoja mpole na mmoja mwenye filimbi. Prefe alifariki akiwa bado kazini. Mimi niliendelea na etidi, na kila nilipovuka kununua bidhaa Bukavu nilitazama mikono.

Sasa nimestaafu, na vijana huniuliza dawa ya kukaza akili kwenye masomo. Dawa siijui. Najua kwamba mtoto anayetazama dirisha mara nyingi si mvivu: yuko kazini mahali pengine. Kumpigia kelele hakumrudishi. Mpokee ile kazi kwanza, hata nusu saa, halafu mpatane kurasa.

Mwaka niliostaafu, Donatila alinitembelea, mwalimu, mama wa watoto wake mwenyewe. Tulikunywa chai. Aliweka kikombe chini.

“Maman, bado unaendaka kule?”

“Nikiwa na safari.”

“Sasa uache. Jumapili nilimuombeshea mama misa ya wafu.”

Nimeuza na kununua maisha yangu yote. Hiyo ndiyo bei ya kwanza kutajiwa nisiombe ipunguzwe.