Fidla ya Babu na Mafuta ya Nazi

Fundi wa fidla kafungua kasha, harufu ya mafuta ya nazi ikatujaa puani. Ananiuliza kwa ukali nani aliyeipaka mafuta fidla ya babu, kazi ya Mmarekani wa karne ya kumi na tisa. Nani tena! Marehemu bibi, aliyetaka kila walichotoka nacho Unguja yeye na babu king'ae siku ya Idi. Alipaka mbao, akapaka na nywele za upinde. Wageni wamejaa nyumbani kwetu Maskati, babu akavuta upinde, ukateleza tu, sauti haikutoka.

“Bi mkubwa, nywele hizi hazipakwi mafuta!”

“Nywele gani zisizopakwa mafuta?” bibi akamjibu, naye kakasirika.

Sasa fundi anaahidi kuisugua mpaka harufu yote iishe. Nimemnyang'anya fidla, nimeondoka.