Cheti cha Miaka Mitatu

Mdogo wangu alikuwa fundi wa kompyuta, na watu walimwita Daktari kwa sababu hakukubali kabisa kusema kwamba mashine imekufa. Yeye alisema imezimia. Mwenyezi Mungu amrehemu. Ndugu wameniomba niandike machache juu yake, na kila nikishika kalamu kinachonijia si siku aliyozaliwa wala siku tuliyomzika. Kinachonijia ni ule mwaka cheti kilipomkosesha raha.

Kazi yake aliifanyia kwenye chumba kimoja alichogawana na fundi cherehani, katikati wametundika pazia. Upande wa Daktari palikuwa na meza, taa ya kuinama na benchi la wateja. Kila alipofungua mashine alibandika skrubu zake kwenye selotepu, kwa mpangilio uleule zilivyokuwa zimekaa, ili kila moja irudi mahali pake. Ikidondoka moja, alipiga magoti na kuitafuta hadi chini ya cherehani.

"Ukikutana na sindano zangu huko," jirani yake alimwambia, "zisalimie sana."

Ufundi aliupata kwa kufungua na kufunga, tangu utotoni, alipoivunja redio ya baba na kuirudisha ikiwa inasema. Cheti hakuwa nacho, na hakikumsumbua mpaka alipoanza kuhema akipanda ngazi. Hospitali walimwambia moyo umetanuka, apunguze kazi.

"Sisi tulijua zamani una moyo mkubwa," jirani akasema kutoka nyuma ya pazia. "Ndiyo maana redio za vikongwe wote unazitengeneza bure."

Wakati huohuo shule iliyo karibu na kwetu ikatangaza kwamba inatafuta mtu wa kuangalia kompyuta zake. Kazi ya kukaa, saa zinazojulikana, hakuna kubeba mashine za watu juani. Ilikuwa kama imekatwa kwa kipimo chake. Lakini walitaka mwenye cheti, hata kile cha ngazi ya kwanza. Akatafuta masharti ya mtihani, akayasoma, na jioni akaja mezani kwa mama akicheka peke yake.

"Mama, hiki cheti kinaharibika kama maziwa. Miaka mitatu tu, kisha unarudia mtihani. Sasa nisome, nichoke, halafu tushindane, mimi nacho, nani atangulie kuisha?"

Mama akaweka mwiko chini.

"Baba," alimwambia, maana alimwita hivyo tangu akiwa mchanga, "cheti kimeandikwa tarehe na watu. Yako anaijua Mungu peke yake, na hajamnong'oneza mtu. Kula."

Alikula, lakini hakuamua. Leo alisema atajiandikisha, kesho akasema ni ujinga mzee kama yeye kukaa na watoto kujibu maswali. Nadhani pia aliogopa kufeli. Mtaa mzima unakuita Daktari, halafu karatasi inasema hujui?

Alasiri moja nilipitia kwake. Alikuwa amejilaza kwenye benchi la wateja, akanipa simu nimsomee maswali ya kujipima. Mengi aliyajibu kabla sijamaliza kusoma. Kisha likaja hili: mteja anasema kompyuta yake inazima yenyewe, utaanza na nini?

"Naifungua."

"Umekosa," nikamwambia. "Hapa wanasema unaanza kwa kumuuliza mteja."

Akainuka. "Kumuuliza mteja! Dada, wateja wanadanganya. Juzi mtu ameapa kwa Mungu kwamba hajamwaga kitu. Naifungua, inanukia chai ya tangawizi!"

"Hata kwangu," jirani akadakia, "hakuna suruali iliyopasuka kwa unene. Wote walikuwa wanaokota kitu."

Tukacheka. Na katika kicheko hicho akaingia mwalimu wa kike, kompyuta mkononi, uso umemshuka. Mashine ile Daktari alikwisha kuifungua si mara moja. Alibadilisha betri, akaisafisha, akaiwasha mbele yake ikakaa sawa, na kila ikifika nyumbani inazima. Mkono wa Daktari ukaenda kwenye bisibisi. Akanitazama, akairudisha mezani.

"Mwalimu, hebu keti. Mara ya mwisho ilipofanya kazi vizuri, ulikuwa wapi?"

"Shuleni. Shuleni haina shida."

"Na ikizima?"

"Nyumbani, nikisahihisha mitihani." Akaona haya kidogo. "Kitandani. Naiweka juu ya blanketi, miguu yangu inapata joto."

Daktari alifumba macho. Blanketi lilikuwa linaziba matundu ya hewa, mashine inachemka, inajizima ili isiungue. Hakukuwa na cha kufungua. Alimtafutia mwalimu ubao wa kuwekea kompyuta, akamsindikiza mpaka mlangoni, akarudi na kukaa.

"Dada, nimeifungua mashine ya watu mara ngapi bure? Ubao tu! Hata kama cheti kitaisha kabla yangu, hata kama mimi ndiye nitakayetangulia, kuna kitu kwenye maswali hayo mimi sikijui. Nisomee lingine."

Kesho yake alijiandikisha. Alifanya mtihani, akafaulu, na shule ikampa kazi. Cheti akamkabidhi mama, naye akakitundika sebuleni. Na lile swali akawa analitumia kwa kila mtu. Mama akilalamika goti, anaulizwa, "Mara ya mwisho lilipofanya kazi vizuri, ulikuwa wapi?" Mama anamjibu, "Kwenye harusi yangu," naye anacheka mpaka anakohoa.

Alitutoka mwaka wa pili wa cheti. Mama bado hukipangusa vumbi kila asubuhi. Mgeni mmoja alitushauri tukishushe, tusijitie uchungu. Mama akamwambia, "Muda wake haujaisha."

Siku hizi nikimaliza kusali hubaki nimepiga magoti, nikijiuliza swali lake. Mara ya mwisho yote yalipokuwa sawa, nilikuwa wapi? Jibu ni lilelile siku zote. Ni kwenye kile chumba, wiki moja kabla ya mtihani. Nimeingia na chakula chake, namkuta amelala kwenye benchi, simu kifuani, inapanda na kushuka taratibu. Nataka kumwamsha, chakula kisipoe. Jirani anachungulia kutoka nyuma ya pazia, kidole mdomoni.

"Mwache, dada," ananinong'oneza. "Daktari amezimia tu."