Neno la Kwenye Boksi la Mikono

Kiwandani walimwita Mama Mikono, kwa sababu miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa moja: kushona mikono ya kushoto ya mashati. Ya kulia ilikuwa na mtu wake. Kila asubuhi boksi lake lilimngoja kando ya cherehani, limeandikwa neno fupi la Kiingereza. Shule hakuigusa, lakini neno hilo alilijua sura kama mtu anavyomjua jirani mdaku. Mumewe ndiye aliyemsomea, enzi za amani: "Lefti. Maana yake kushoto." Baadaye mume huyo akafuata mlango mwingine, na huu ni mwaka wa nane. Katika yote aliyomwachia, neno hilo tu ndilo lililokuwa na faida.

Kwa hiyo kiwanda kilipofungwa wiki mbili kutengeneza mitambo, na orodha ya wafanyakazi ikabandikwa getini, alikwenda kuitazama peke yake. Jina lake alilitambua kwa herufi ya kwanza, iliyojikunja kama ndoana. Akalikuta. Mbele yake, neno lake. Lefti. Moyo ukatulia tuli: wengine watahamishwa, yeye yupo palepale kwenye mikono yake.

Walikuwepo watu wawili wanasoma. Hakuwauliza. Tangu aachwe alishachoka kuchekwa. Akarudi chumbani, akapika chakula cha mtu mmoja, akala akikitazama kiti cha pili.

Siku ya kufungua, mlinzi akamzuia getini.

"Mama Mikono, wapi tena?"

"Harusini, huoni nilivyopendeza? Nipishe, baba."

"Lakini wewe si umeshatoka?"

"Nitoke wapi? Jina langu nimeliona kwa macho yangu mawili. Lefti!"

Mlinzi akakuna kisogo. "Ndiyo hiyo hiyo, mama. Hujawasikia vijana na simu zao? Fulani kalefti grupu. Ameondoka. Wameandika umeacha kazi."

"Nimeacha? Mimi niliyesimama hapa?"

Akaitwa karani, binti mpole mwenye daftari mkononi. Akaeleza: zile siku nne ambazo Mama Mikono alikwenda kumzika dada yake, msimamizi alikuwa ameziandika utoro.

"Alikupa ruhusa ya maandishi, mama?"

"Ya mdomo. Na pole akanipa juu yake."

Karani akashusha sauti. "Malalamiko yalipokewa kwa siku saba tu. Iliandikwa chini ya orodha."

"Chini sikufika, mwanangu. Niliridhika nilipoliona neno langu."

Akamweleza kuhusu boksi. Karani akafunga daftari.

"Neno lenyewe lina vituko, mama. Kushoto ni lefti. Aliyeondoka, lefti. Hata kilichobaki, lefti. Mwalimu wetu alisema lile la kushoto zamani lilimaanisha kitu dhaifu, kisichofaa. La kuondoka lina mama mwingine kabisa, na mama huyo maana yake ilikuwa kubaki. Yamekutana ukubwani tu, yakafanana sura."

"Kwa hiyo anayeondoka na anayebaki wanaitwa kwa neno moja?"

"Ndiyo, mama."

"Basi aliyelitunga alikuwa mwanamume."

Mlinzi akaangua kicheko, kisha akaona anacheka peke yake, akarekebisha kofia.

Mama Mikono akaomba kitu kimoja: kimto chake cha kukalia, alichokishona mwenyewe kwa vipande vya mabaki ya vitambaa. Karani akampeleka ndani. Mashine zilikuwa zinanguruma, vichwa vimeinama. Aliyemwona alijifanya anatunga uzi. Kwenye kiti chake alikaa shemeji wa msimamizi, mdogo wa mke wa msimamizi, kucha zimepakwa rangi.

"Hiki nimekikuta hapa," yule wa kucha akasema, akamtupia kimto bila kuinua uso.

Mama Mikono akakikumbatia. Macho yake, kwa mazoea tu, yakashuka boksini. Mikono sita imeshashonwa, na yote mpasuko wa kwenye kifundo cha mkono umeangalia mbele badala ya nyuma. Ilikuwa mikono ya kulia, imeshonwa kwenye mashati upande wa kushoto. Kabla ya adhuhuri rundo zima litakuwa la kufumuliwa.

Neno la kumwambia lilikuwa moja tu, fupi, na mle ndani hakuna aliyelifahamu vizuri kuliko yeye.

Akaliacha.