Choo Kipya Kinatumika

Wiki iliyopita nilihudhuria kikao cha wazazi kwenye shule moja ya msingi nje kidogo ya Njombe. Kwa baridi ile, kila mtu alikuwa ameshakunywa vikombe vitatu vya chai. Mwalimu mkuu akasimama kutusomea ripoti ya mwaka: “Choo kipya cha wasichana kimekamilika na kinatumika.”

Mama mmoja akanyoosha mkono. “Mwalimu, naomba unielekeze kilipo. Nimebanwa.”

“Subiri nimalize, mama.”

“Haja ndogo haisubiri ripoti, mwalimu.”

Afisa elimu wa kata naye akainuka, magoti yamebanana. “Twende wote.”

Tulikuta msingi wa tofali, ndani yake viazi vimestawi.

“Kweli kinatumika,” mama akasema, akakimbilia kwenye mipaini.

Wakaguzi tunao. Tuwaongezee chai kabla ya ripoti kusomwa.