Sauti Nilizozikata

Nakumbuka jioni moja Diani, mwanangu, watu wakinipigia makofi nami nikitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza najifunza kuupunguza muziki wa okestra uweze kupigwa kwa piano peke yake. Mwalimu wangu, Mzee Hamisi wa Tiwi, alikuwa amepiga selo Nairobi miaka mingi, ile fidla kubwa inayobanwa magotini. Sasa masikio yalikuwa yanaziba. Sauti nyembamba zilikwisha kumpotea. Nzito alikuwa bado anazipata kidogo. Akaniomba nimwandikie kipande alichokipenda kuliko vyote, akisikie mara moja tena kabla ya kimya. Mkewe, Bi Mwanasha, alinisisitizia nisiisahau selo.

Niliitikia, lakini moyo ulikuwa kwa watu. Okestra ina ala tele, nami nina vidole kumi. Kila ukurasa lazima uamue nani abaki. Nikazibakisha fidla ndogo zinazokimbia juu juu, maana mbio ndizo zinazoshangaza. Wimbo wa selo nikaukata, mkono wa kushoto ukabaki kugonga tu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nililitia hata kabla ya kusifiwa.

Ukumbi wa hoteli ulijaa. Mzee alikaa mbele, kiganja nyuma ya sikio. Tulipofika mahali pa selo nilimwona akisogea ukingoni mwa kiti. Akangoja. Pakapita. Akaegemea nyuma taratibu, mkono akaushusha.

Makofi yalipokwisha nilimwendea, nikamwamkia.

"Marahaba," akasema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo wasiojisikia. "Vidole nimeviona, mwanangu. Mashallah, vina mbio. Sasa wimbo utanipigia lini?"

Waliokuwa karibu wakacheka, wakidhani ni mzaha. Bi Mwanasha hakucheka. Hakunitazama.

Nilianza upya, na safari hii selo ikawa ndiyo uti wa mgongo. Lakini kazi ilinichukua muda, ugeni wa kazi nao ni mzigo. Nilipoimaliza nilikwenda Tiwi, nikaketi kwenye piano yake, nikapiga mpaka mwisho. Mzee akaniuliza, kwa upole, kama nimeshaanza.

Basi, mwanangu unayeanza kazi hii, kabla ya kushika kalamu muulizie atakayesikiliza. Mshika mawili moja humponyoka, na mikono yetu ni miwili. Kuacha utaacha tu. Acha kile kinachokupamba wewe. Mola akujaalie sikio kabla ya vidole, na ukikosea, uone haya mapema, mzee wako angali anasikia.