Pipa la Babu Lilipotua Kimamba

Watu zaidi ya mia mbili walitoka kwenye ghala la mkonge pale Kimamba, mmoja mmoja, sinema ikiwa bado inaendelea.

Sinema yenyewe ilikuwa ya kuchekesha. Na ilitokana na kitabu changu mimi.

Wakuu, nina miaka sabini na nane, na jambo hili sijawahi kumsimulia mtu nikalimaliza. Leo nawapa mkanda mzima. Mkitaka kunitukana huko chini kwenye maoni, tukaneni tu. Nimeshajitukana mwenyewe miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu.

Mwaka 1974, kwenye Operesheni Vijiji, serikali ilipokuwa inahamishia watu kwenye vijiji vipya, wazazi wangu walishushwa kutoka milimani wakaletwa bondeni, pande za Masanze. Baba yangu, Lukasi, alikuwa mzee wa kanisa. Aliacha migomba, nyumba aliyoijenga kwa mikono yake na makaburi mawili ya wanawe. Hakugombana na mtu. Alipanda lori na mama yangu, Magreti.

Mimi, Cleopa, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Kimamba, mji mdogo wa karibu. Nilikuwa na hasira, na hasira ya siku zile huwezi kuitoa mdomoni hivi hivi. Kwa hiyo nikaandika kichekesho.

Nilikiita *Pipa la Babu*. Mzee mmoja anakataa kuhamia kijiji kipya. Anaingia kwenye pipa tupu la dizeli pamoja na mjukuu wake, anawasha gongo, ile pombe kali ya kienyeji, chini yake, wanaruka mpaka mwezini. Wanafika huko wanakuta kijiji kimeshapangwa mistari, kuna foleni ya sukari, na balozi wa nyumba kumi anawadai barua ya utambulisho.

Jamani, watu walicheka. Pale Kimamba kulikuwa na fundi baiskeli anaitwa Mwinshehe, alikuwa anawasomea wateja wake kwa sauti. Mtu anakuja asubuhi kuziba pancha, anaondoka jioni.

Kilichowaua zaidi ni utani wa babu na mjukuu. Kwetu mjukuu ana ruhusa ya kumwambia babu yake chochote. Bibi ni "mke wangu", babu ni "mgoni wangu", na hakuna anayenuna. Basi kila pipa likikwama, mjukuu anasema, "Mzee, kufa upesi basi, nibaki na mke wangu kule chini." Babu anamjibu, "Meno yenyewe hujamaliza kuota, utamtunza na nini?"

Baba hakujua kusoma. Alikuwa anakishika kile kitabu, anakigeuza mbele na nyuma, kisha ananirudishia.

"Wanacheka vizuri au vibaya?" aliniuliza siku moja.

"Vizuri, baba."

"Maana hilo jina lililoandikwa hapo juu ni langu pia."

"Najua, baba."

Mwaka 1977 watu wa filamu kutoka Dar wakakitaka kitabu. Walikuwa na mtaalamu wao wa kigeni, ndiye aliyeongoza kazi. Wakapiga picha zao huko huko, wakamaliza, wakaniandikia kwamba wanakuja kuionyesha nyumbani kwanza. Nilitembea Kimamba nzima kama bwana harusi.

Walikuja saa nane mchana. Madirisha ya ghala yakazibwa kwa magunia, jenereta likaungurumishwa nje, shuka jeupe likatundikwa ukutani. Watu walitoka Masanze, wengine Kilangali. Baba na mama wakawekewa viti mbele kabisa, mimi nikakaa kando yao.

Jina langu lilitokea pale kwenye shuka, kubwa, na ghala zima likapiga makofi. Mama akanigusa goti.

Mwanzo mambo yalikuwa moto. Pipa liliporuka na kuku wa jirani, Mwinshehe alianguka kwenye benchi. Balozi wa mwezini alipodai barua ya utambulisho, hata mwenyekiti wa kijiji alicheka, kisha akaangalia huku na huku kuona nani amemwona.

Sasa, kwenye sinema yule aliyesafiri na mzee hakuwa mjukuu. Alikuwa mwanawe wa kumzaa, dume zima la miaka thelathini, lina ndevu. Watu waliliona hilo na hawakujali, walikuwa wanacheka tu.

Kisha pipa likakwama.

Lile dume likamgeukia mzee, likasema, "Baba, kufa upesi basi, nibaki na mke wangu kule chini." Mara tukaonyeshwa kule chini duniani. Alikuwa amesimama mama mzee, mama yake huyo huyo, anapunga mkono.

Kicheko kilikatika kama mtu amezima redio.

Nyuma yangu bibi mmoja alisema taratibu, kama anayetaka kuhakikisha, "Mtoto anamtaka mama yake mzazi."

Kinamama ndio walioanza kutoka, khanga usoni. Wakafuata wazee, kisha vijana. Hakuna aliyenitazama, na hapo ndipo nilipojua nimekwisha. Mama alikuwa amejifunika khanga mpaka kidevuni. Kwenye shuka lile dume lilikuwa linaendelea kucheka.

Mwinshehe akasimama. "Wewe wa mashine, zima hicho kitu."

"Mwache," baba akasema. "Ni kazi ya mwanangu. Nitaimaliza."

Akakaa mpaka mwisho. Tulibaki watano, pamoja na mwendesha mashine.

Nje jua lilikuwa kali. Baba alitembea kidogo, akasimama.

"Hukuandika hivyo," alisema. Wala hakuwa anauliza.

"Sikuandika hivyo, baba. Niliandika mjukuu. Wamebadilisha huko mjini."

"Nilijua, mwanangu."

Yaliyofuata yaliwaangukia wao kuliko mimi. Kisimani wanawake walikuwa wanasubiri kwanza mama achote aondoke, ndipo na wao wasogee. Kanisani baba aliambiwa apumzike uzee wa kanisa "mpaka mambo yatulie". Palikuwa na watu waliosema kitu kama kile mtu hawezi kukitunga bila kukiona nyumbani kwao. Mama alisikia hilo. Hakuniambia, niliambiwa na Mwinshehe.

Baba, mwenye miaka sitini na sita, akajiandikisha elimu ya watu wazima.

Mwalimu wao, dada mmoja anaitwa Bibiana, alimuuliza anataka kujifunza nini. Akasema, "Ukurasa wa ishirini na tatu." Bibiana akamwambia, mzee, tunaanza na a, e, i, o, u. Baba akaanza na a, e, i, o, u.

Ilimchukua miezi minane. Jumapili moja, watu wakitoka ibadani, akasimama mlangoni na kitabu changu, kidole kwenye mstari, akasoma kwa kupapasa. "M-ju-ku-u a-ka-se-ma." Alisoma ukurasa mzima. Alipofika kwenye meno yasiyomaliza kuota, mama mmoja akashindwa kujizuia, akacheka. Wakacheka na wengine.

Baba akafunga kitabu. "Mwanangu aliandika mjukuu," akasema. "Waliochafua ni wale wa mjini."

Nawaambia, mzee yule alilisafisha jina letu kwa ukurasa mmoja. Alirudishiwa uzee wake wa kanisa. Mama akaanza tena kuchota maji na wenzake. Na mimi nikawa wa kuonewa huruma, kila nikipita, "Pole mwalimu, walikuharibia kazi yako." Nikawa naitikia, "Ndiyo hivyo, ndugu zangu."

Jumamosi moja nikaenda kuwasalimia. Nilimkuta baba uani, peke yake, na karatasi mkononi.

Karatasi zangu nilikuwa naziweka kwake, kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Nilizipeleka kule kwa sababu katika nyumba ile hapakuwa na mtu anayejua kusoma.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Njoo unisomee hii. Mwandiko wa mkono unanisumbua."

Ilikuwa nakala ya barua niliyowaandikia watu wa filamu. Nikaanza kusoma. "Ndugu, nimepokea barua yenu mkiomba yule mjukuu awe mtoto wa mzee, kwa kuwa hamjapata mtoto mdogo wa kuigiza." Kisha nikasoma, "Wenu katika ujenzi wa Taifa."

Kidole cha baba kilikuwa juu ya karatasi. Hakikusogea.

"Umeruka mstari," alisema.

Nikausoma. "Sina kipingamizi, endeleeni. Naomba tu jina langu litokee mwanzoni, kwa herufi kubwa."

Msije mkanitetea kwamba labda sikujua. Siku naandika barua ile niliukumbuka ule mstari wa "nibaki na mke wangu kule chini". Niliuona utakavyokuwa mdomoni mwa mtoto wa kumzaa. Nilikaa na kalamu mkononi, nikaogopa nikileta maneno wataacha kitabu changu wachukue cha mtu mwingine. Nikapiga sahihi.

Baba hakunipigia kelele. Aliikunja karatasi, akanipa.

"Nenda kachome jikoni," alisema. "Mama yako asije akauliza ni nini."

Nikaenda nikachoma. Niliporudi uani alikuwa ameshaondoka, ameenda shambani na jembe lake.

Kesho yake, Jumapili, mgeni mmoja wa Kilangali akamuuliza habari za ile sinema. Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Baba akakitoa kitabu mfukoni, akafungua ukurasa wa ishirini na tatu, akasoma wote. Mwisho akasema, "Mwanangu aliandika mjukuu. Waliochafua ni wale wa mjini."

Alisema hivyo miaka tisa, mpaka alipofariki. Mzee wa kanisa, mtu ambaye hakuwahi kudanganya hata kwa debe la mahindi, alidanganya mbele za watu kila alipoulizwa, na alikuwa anajua kwamba anadanganya.

Nyumbani tukiwa wawili nilikuwa namwamkia, "Shikamoo baba." Anaitikia, "Marahaba." Basi. Lile neno "mwanangu" sikulisikia tena isipokuwa palipokuwa na watu.

Ninyi mnaoandika leo, mtu akija kuomba kazi yako aibadilishe kidogo tu, andika jibu lako, halafu kabla ya kulituma mwite mzazi wako umsomee kwa sauti, bila kuruka mstari. Ukiona huwezi, lichane. Mimi barua yangu nilimsomea mtu ambaye alikuwa ameshaisoma.